Askari wa Bendera Tatu

1. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji walionyongwa mjini humo siku kama hiyo mwaka 1906. Hukumu ilikuwa ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani. Lakini katika vita vile, wengi wa askari walioshika bunduki za serikali hiyo walikuwa Waafrika. Je, askari hao walitoka wapi, na ilikuwaje baadaye?

2. Jeshi la Wadachi lilianzishwa mwaka 1889. Mwaka huo Hermann von Wissmann alitumwa kupigana na Abushiri wa Pangani, naye aliandika Wasudani huko Misri, na watu wengine kutoka nchi ya Wareno iliyo kusini mwa mto Ruvuma. Wageni hao hawakuwa na ndugu wala shamba katika nchi hii. Tegemeo lao lilikuwa mshahara na bwana wao mkubwa, basi walimtii. Baadaye wenyeji pia waliandikwa, kama Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, kwa kuwa mshahara wa askari ulizidi sana ule wa mpagazi.

3. Jeshi hilo halikushinda siku zote. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walilivizia huko Lugalo, katika nchi ya Iringa, wakalivunja kabisa, na mkuu wake, Emil von Zelewski, akauawa. Jina hili la Lugalo likumbukwe, maana litatajwa tena.

4. Wangoni nao walikuwa watu wa vita tangu zamani. Mwaka 1905 walishika silaha pamoja na makabila mengine ya kusini. Mikuki haikuweza kushindana na bunduki za bombomu. Tena Wadachi waliamuru vyakula viharibiwe na vijiji vichomwe moto, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, naye akanyongwa.

5. Mwaka 1914 vita vikuu vya Ulaya vilifika Afrika. Waingereza nao walikuwa na askari wao Waafrika tangu mwaka 1902, katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya. Basi Waafrika wa bendera moja walipigana na Waafrika wa bendera nyingine. Mwezi wa Septemba 1916 jeshi la Waingereza liliingia Songea. Mwaka uliofuata lilipangwa jeshi la Kikosi cha Sita cha Keya, na wengi wa watu wake wa kwanza walikuwa askari wa Wadachi waliotekwa.

6. Huenda mtu akauliza: yawezekanaje mtu ampige Mwingereza jana, na leo ampigie saluti? Jibu si gumu. Mateka alikuwa na njia mbili tu mbele yake, kifungo au bunduki. Kazi ya uaskari aliijua, na mshahara aliuhitaji. Ile vita haikuwa yake tangu mwanzo. Bendera zote mbili zilitoka ng'ambo.

7. Wala jambo hili halikuwapata Waafrika peke yao. Huko Ulaya nchi ya Polandi iligawanywa na jirani zake watatu, Urusi, Prussia na Austria, hata mwaka 1795 ikafutwa katika ramani. Katika vita hivyo vya mwaka 1914, Wapolandi waliandikwa katika majeshi ya watawala wao, wakapigana wao kwa wao chini ya bendera za wageni, mpaka nchi yao iliporudi kuwa huru mwaka 1918. Mtu asiye na serikali yake mwenyewe hutumia ushujaa wake kujenga sifa ya mwingine.

8. Vita vikuu vya pili vilipotokea, Kikosi cha Sita kilikwenda mbali. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika nchi ya Ethiopia, kilipambana na vifaru vya Waitaliani. Mzungu mmoja wa kikosi hicho, Sajini Nigel Leakey, aliruka juu ya kifaru cha adui akakiteka. Alipojaribu kuteka kingine akauawa. Alipewa nishani iliyo kubwa kupita zote za ushujaa kwa Waingereza. Mwaka 1942 kikosi kilipigana Madagaska. Vikosi vingine vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, vilipelekwa Burma, vikapita mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, penye mvua, matope na homa. Waafrika walivumilia taabu zote hizo, lakini maafisa wao walikuwa Wazungu.

9. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera mpya na Mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Jeshi nalo lilibadilishwa jina, likaitwa Tanganyika Rifles. Lakini kambi yake karibu na Dar es Salaam iliendelea kuitwa Colito, na maafisa wengi walikuwa bado Waingereza. Bendera ilikuwa mpya, ila nyumba ilikuwa ile ile.

10. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Colito waliasi. Waliwakamata maafisa wao, wakadai nyongeza ya mshahara na maafisa Waafrika. Katika ghasia za mjini watu walikufa na maduka yaliporwa. Rais Julius Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, na tarehe 25 Januari majeshi yao yaliwanyang'anya waasi silaha. Ilikuwa aibu kwa nchi huru kuwaita watawala wa jana waje kuwatuliza askari wake.

11. Basi jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 lilianzishwa Jeshi la Wananchi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya. Kambi ya Colito nayo ikapewa jina la Lugalo. Jina la kwanza lilikumbusha mahali ambapo Waafrika walishinda kwa ajili ya mfalme wa mbali. La pili lakumbusha mahali ambapo Waafrika walishinda kwa ajili ya nchi yao wenyewe.

12. Haifai kuwacheka askari wa zamani, maana walikuwa mashujaa kweli, na wengi walikufa mbali na kwao. Haifai vilevile kusahau kwamba bunduki zao ziliwahi kuelekezwa kwa ndugu zao, hata hapa Songea. Jeshi hupimwa kwa ushujaa wake, lakini hupimwa zaidi kwa kuuliza: lamlinda nani?

MASWALI

1. Kwa nini Wissmann alipenda kuandika askari wa kigeni?
2. Kikosi cha Sita cha Keya kilipata wapi watu wake wa kwanza?
3. Wapolandi na Waafrika walifanana kwa jambo gani?
4. Eleza tofauti iliyopo kati ya majina Colito na Lugalo.