Mbachao na Msala Upitao: Nafasi ya Diski za Ubora wa Juu katika Tarakilishi na Filamu za Nyumbani

IKISIRI

Makala haya yanachunguza iwapo diski za leza zenye ubora wa juu wa picha, hususan Blu-ray, zingali na nafasi nyumbani katika kipindi ambapo filamu hutazamwa zaidi kupitia mtandao. Yanatenganisha masuala matatu ambayo aghalabu huchanganywa: matumizi ya tarakilishi, ubora wa picha na sauti, na umiliki. Inabainishwa kwamba diski imepoteza nafasi yake kama chombo cha kila siku cha tarakilishi, ingali inaongoza kwa ubora, na umuhimu wake mkubwa sasa umo katika umiliki na uhifadhi. Mwishoni, hoja hizi zinahusishwa na hatima ya filamu za Kiswahili zilizosambazwa kwa VCD na DVD.

1.0 UTANGULIZI

Wahenga walitahadharisha: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Hata hivyo, ule mkuukuu ni wa mwenyewe, ilhali ule mzuri umo mikononi mwa mpita njia. Methali hii haikuwalenga watazamaji wa filamu, lakini yafaa sana kuuanzisha mjadala wa diski na mtandao.

Dalili za kufifia kwa diski ni nyingi. Netflix, kampuni iliyoanza mwaka wa 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta nchini Marekani, ilituma diski yake ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Samsung ilikuwa imetangaza mwaka wa 2019 kwamba haitaleta mitambo mipya ya Blu-ray katika soko la Marekani. Mwaka wa 2024, maduka ya Best Buy ya nchi hiyo yaliacha kuuza filamu za diski. Mnamo Februari 2025, Sony, mmoja wa waasisi wa Blu-ray, ilikoma kutengeneza diski tupu za kurekodia za aina hiyo. Kutokana na matukio haya, ni rahisi kukata kauli kwamba diski imekufa. Makala haya yanaonyesha kwamba kauli hiyo ni ya haraka, kwa kuwa inajibu swali moja na kuyaacha mengine mawili.

2.0 SUALA LA ISTILAHI

Neno santuri limezoeleka kwa sahani ya gramafoni, ambayo husomwa kwa sindano inayogusa mifuo yake. CD, DVD na Blu-ray husomwa kwa mwale wa leza pasipo kuguswa. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi diski za leza kwa jamii nzima, na diski za ubora wa juu kwa zile zinazobeba picha ya pikseli 1920 kwa 1080 au zaidi. Utiririshaji nao ni kutazama filamu moja kwa moja kutoka mtandaoni bila mtazamaji kubaki na nakala yake.

3.0 CHIMBUKO LA DISKI ZA UBORA WA JUU

CD iliingia sokoni mwaka wa 1982, DVD ikafuata nchini Japani mwaka wa 1996, na Blu-ray ikaanza kuuzwa mwaka wa 2006. Zote zina kipenyo cha sentimita 12. Kilichobadilika ni wembamba wa mwale unaozisoma. CD hutumia leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, DVD nanomita 650, na Blu-ray nanomita 405, ambayo rangi yake ni ya samawati iliyokolea inayokaribia zambarau. Ni mfano wa mwandishi anayeweka chini kalamu nene na kuchukua nyembamba: ukurasa ni uleule, lakini maneno yanayoenea humo yanaongezeka maradufu. CD hubeba takriban megabaiti 700, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25. Zipo pia Blu-ray za matabaka kadhaa zinazofikia gigabaiti 100 na zaidi.

Blu-ray haikufika hapo bila mapambano. Toshiba na washirika wake walikuwa wameleta HD DVD, iliyobeba gigabaiti 15 kwa kila tabaka. Kwa takriban miaka miwili mnunuzi alilazimika kuchagua upande, huku studio za filamu zikigawanyika. Hatua ya Sony ya kuiweka Blu-ray ndani ya PlayStation 3 iliifikisha katika nyumba nyingi. Mnamo Januari 2008, Warner Bros. ilitangaza kwamba itaegemea Blu-ray pekee, na tarehe 19 Februari mwaka uo huo Toshiba ikasalimu amri. Hata hivyo, wakati fahali hao walipokuwa wakipigana, utiririshaji ulikuwa umeshaanza. Netflix ilianzisha huduma yake ya mtandaoni mwaka wa 2007. Mshindi alikabidhiwa uwanja ambao tayari ulikuwa na mgeni mwingine mlangoni.

4.0 DISKI NA TARAKILISHI YA NYUMBANI

Katika uwanja wa tarakilishi, hukumu dhidi ya diski ni nzito. Mwaka wa 2008 Apple ilitoa kipakatalishi cha MacBook Air kisicho na sehemu ya kuingizia diski, na watengenezaji wengine wakafuata mkondo huo. Programu ambazo zamani zilinunuliwa kwa diski sasa hupakuliwa mtandaoni. Kazi ya kuhamisha mafaili imetwaliwa na vijiti vya kumbukumbu, vinavyojulikana sana kama flashi, pamoja na diski kuu za nje. Vifaa hivi hufutwa na kuandikwa upya mara nyingi, na huandika kwa kasi zaidi kuliko diski ya leza.

Fauka ya hayo, Blu-ray haijawahi kukaribishwa vizuri katika tarakilishi. Mfumo wa Windows haukuwahi kuja na programu ya kuchezea filamu za Blu-ray; mtumiaji hulazimika kuinunua. Filamu zenyewe hufungwa kwa mafumbo yanayohitaji funguo za kidijitali, na programu isiposasishwa, filamu mpya yaweza kukataa kufunguka. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa Ultra HD Blu-ray, aina iliyozinduliwa mwaka wa 2016 kwa ajili ya picha ya pikseli 3840 kwa 2160. Ulinzi wake katika tarakilishi ulitegemea sehemu ya prosesa za Intel iitwayo SGX. Kuanzia mwaka wa 2021, Intel iliondoa sehemu hiyo katika prosesa zake mpya za tarakilishi za nyumbani. Matokeo yake ni kinaya: tarakilishi mpya yenye nguvu zaidi haiwezi kucheza kwa programu iliyoidhinishwa diski ambayo tarakilishi ya zamani iliicheza.

Kwa hivyo, anayeuliza kama anahitaji diski ya ubora wa juu kwa shughuli za kila siku za tarakilishi anaweza kujibiwa bila kusitasita kwamba hahitaji. Imesalia kazi moja tu, nayo ni kuhifadhi kwa muda mrefu, ambayo itarejelewa katika sehemu ya saba.

5.0 UBORA WA PICHA NA SAUTI

Katika filamu, mizani inaegemea upande mwingine. Netflix huwapendekezea wateja wake mtandao wa angalau megabiti 15 kwa sekunde kwa picha za kiwango cha juu kabisa. Filamu ya saa mbili ikipita kwa kasi hiyo hutumia gigabaiti 13.5. Filamu ya muda uo huo ikijaza diski ya Ultra HD yenye gigabaiti 66, wastani wake ni takriban megabiti 73 kwa sekunde, yaani karibu mara tano. Tofauti hii hujitokeza pale ambapo picha ina mambo mengi madogo: moshi, mvua, giza la usiku, au umati unaokimbia. Sauti nayo huweza kuhifadhiwa katika diski bila kupunguzwa chochote, ilhali ile inayotiririshwa hubanwa ili ipite.

Hata hivyo, haifai kutia chumvi. Teknolojia ya kubana picha imeboreka, na kwa mtazamaji wa rununu au runinga ndogo tofauti hii ni finyu. Pia, ubora wa diski hauwezi kuuzidi ubora wa chanzo. Filamu iliyorekodiwa kwa kamera duni haitakuwa bora kwa kuhamishiwa Blu-ray, kama vile hadithi dhaifu isivyopata nguvu kwa kuchapishwa kwenye karatasi nzuri. Kwa anayelipia mtandao kwa kila gigabaiti, lakini, zipo hesabu nyingine: filamu ya diski hurudiwa mara kumi bila gharama ya ziada.

6.0 UMILIKI: KIINI CHA MJADALA

Hoja ya ubora ina uzito, lakini kiini cha suala hili ni umiliki. Anayenunua diski anaweza kuitazama, kuiazima, kuiuza au kuirithisha. Anayebonyeza kitufe cha kununua mtandaoni, mara nyingi, hupewa ruhusa tu ya kutazama.

Mifano ipo. Mnamo Julai 2009, Amazon iliondoa katika vifaa vya Kindle vya wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama. Sababu ilikuwa kwamba aliyeviuza hakuwa na haki za kuvichapisha, na wateja walirudishiwa fedha zao. Pamoja na hayo, tukio hilo lilidhihirisha kwamba kitabu kinaweza kutoweka rafuni bila mwenyewe kufungua mlango. Katika filamu, Disney+ iliitoa Crater mnamo Mei 2023 na kuiondoa katika huduma yake baada ya takriban wiki saba. Jimbo la California limepitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumfahamisha mteja kwamba anapewa leseni wala si umiliki. Sheria kama hiyo isingehitajika iwapo maneno kununua na kumiliki yangebaki na maana zake za kawaida. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Si ajabu basi kwamba Blu-ray ya Oppenheimer ilipotoka mnamo Novemba 2023, nakala za Ultra HD ziliisha katika maduka mengi ndani ya wiki moja. Soko la diski limepungua, lakini waliobaki humo ni watu wanaojua wanachokitafuta.

7.0 FILAMU ZA KISWAHILI NA HATARI YA KUPOTEA

Je, haya yote yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Afrika Mashariki iliiruka Blu-ray kwa kiasi kikubwa. Watazamaji wengi walitoka kwenye kanda za VHS wakaingia kwenye VCD na DVD, kisha wakahamia flashi, rununu na mtandao. Katika kipindi hicho cha VCD na DVD ndipo filamu za Kiswahili zilipochipuka kwa wingi. Filamu za Riverwood, zilizopewa jina kutokana na barabara ya River Road jijini Nairobi, na zile za Bongo Movies za Tanzania, zilizomfanya Steven Kanumba kuwa nyota kabla ya kifo chake mwaka wa 2012, ziliuzwa kwa diski. Humo mna lahaja, misimu, utani, malumbano na sarufi ya mazungumzo ambayo haipatikani kwa urahisi vitabuni. Kwa mtafiti wa isimujamii au fasihi ya maigizo, hiyo ni hazina.

Hazina hiyo inaoza kwa maana halisi ya neno. Tabaka la chuma linaloakisi leza huweza kupata kutu, na rangi katika diski za kurekodia nyumbani hufifia kwa joto na mwanga. Hata diski za viwanda vikubwa hazijasalimika: mwaka wa 2025 Warner Bros. ilikiri kuwepo kwa hitilafu katika baadhi ya DVD zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009. Diski yenyewe, kwa hivyo, haitoshi. Inahitaji mtunzaji.

Kwa upande wa maandishi, Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya, Sura ya 111, huwataka wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu. Kama jina lake linavyoashiria, sheria hiyo iliwaza karatasi. Filamu iliyouzwa kwa VCD kibandani inategemea bahati ya aliyeinunua.

Hapa ndipo diski ya ubora wa juu inaporejea katika tarakilishi, si kama burudani bali kama ghala. Diski moja ya kurekodia ya gigabaiti 100 inaweza kubeba DVD 21 za tabaka moja zilizojaa, au VCD zaidi ya mia moja. Ikishaandikwa haifutwi kwa bahati mbaya wala kwa virusi. Picha ya VCD, yenye pikseli 352 kwa 288, haitang'aa zaidi humo, lakini itabaki kama ilivyokuwa. Kwa mtafiti, hilo ndilo jambo la msingi.

8.0 HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Imedhihirika kwamba swali la iwapo diski za ubora wa juu zingali na maana halina jibu moja. Kwa kazi za kila siku za tarakilishi, wakati wake umepita. Kwa picha na sauti, ingali inaongoza, ingawa si kila mtazamaji atakayeona tofauti. Kwa umiliki na uhifadhi, inahitajika zaidi sasa kuliko ilipokuwa ikiuzwa kila duka. Utiririshaji ni msala mzuri; haukatazwi kutandikwa. Kosa ni kuutupa mbacha kabla ya kujua msala ni wa nani.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara na vyama vya Kiswahili vyuoni vikusanye VCD na DVD za filamu za Kiswahili zingali zinasomeka. Pili, kwa idhini ya wenye hakimiliki, kila filamu inakiliwe mara tatu katika vyombo vya aina mbili tofauti, kwa mfano diski kuu na diski ya leza, na nakala moja ikae jengo jingine. Tatu, iandaliwe orodha yenye jina la filamu, mwaka, mtayarishaji, waigizaji na lahaja iliyotumika, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, bali inahitaji kuanzwa mapema. Watengenezaji wa diski tupu wanapungua, na VCD zilizomo makabatini haziwezi kusubiri.