Muswada Unaogusa Ardhi na Maji: Hatua Sita kwa Wana Merigi, Bomet

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet inajua madhara ya sheria mbaya. Sheria za kikoloni za ardhi za 1902 na 1915 ziliwafungulia walowezi mashamba ya Wakipsigis. Mwaka 1934 sheria nyingine ilitungwa kuwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wenyewe hawakuulizwa. Leo Katiba ya Kenya inalazimisha wananchi waulizwe: kifungu cha 118 kwa Bunge la Taifa na Seneti, cha 196 kwa bunge la kaunti. Haki hiyo ina siku ya mwisho, basi itumieni mapema.

1. Pateni muswada wenyewe. Msitegemee uvumi wa sokoni. Uombeni kwa karani wa bunge, na muandike tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Mkizungushwa, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu.

2. Someni kifungu kwa kifungu. Madhara hujificha kwenye mistari inayofuta. Muswada wa 2021 wa kurekebisha sheria ya misitu ulikuwa mfupi, lakini ulitaka kuliondolea Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) kazi ya kuchuja maombi ya kubadili mipaka ya msitu kabla hayajafika Bungeni.

3. Kusanyeni ushahidi. Kaeni na wazee wa kokwet (baraza la kijiji) na akina mama wanaoteka maji. Andikeni chemchemi ziko wapi, nani anazitumia na zimepungua tangu lini. Pigeni picha. Waogiek wa Msitu wa Mau walithibitisha uhusiano wao na msitu mbele ya Mahakama ya Afrika, Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliiamuru serikali iwalipe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157.

4. Pelekeni maoni kwa maandishi. Tajeni nambari ya kifungu, madhara yake, na maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya barazani pekee husahaulika.

5. Wasilisheni ombi rasmi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Lieleze mlikokwisha kulalamika na mlivyojibiwa, na kama kuna kesi mahakamani. Limalizike kwa kusema waziwazi mnachotaka. Kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba.

6. Bunge lisiposikia, nendeni mahakamani. Chini ya kifungu cha 70, anayetetea mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kesi ya kutetea haki za Katiba chini ya kifungu cha 22 haitozwi ada ya kuifungua. Tafuteni wakili mapema.

Mto Nyangores hutoka Mau, hupita Bomet, hukutana na Amala na kuwa Mto Mara unaonywesha watu na mifugo hadi Tanzania. Kuutetea ni wajibu wetu sisi tunaoishi karibu na chanzo. Katika baraza lijalo, chagueni watu watatu: wa kufuatilia miswada, wa kutunza ushahidi, na wa kuandika. Msisubiri muswada utiwe sahihi.