Ushuhuda Ulio Ndani ya Wimbo

Somo la juma hili
Andiko kuu: Kumbukumbu la Torati 31:19–22. Soma pia Zaburi 40:1–3 na Matendo 16:25–34.



Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja hapa Kibwezi. Kila mtu alijua wimbo wake: "Yesu Kwetu ni Rafiki". Tuliuimba nyumbani, tukauimba na kaburini. Baadaye mjukuu wake akaniuliza, "Pasta, kwani babu aliupendea nini huo wimbo?" Sikuwa na jibu. Hata watoto wake hawakuwa nalo. Miaka yote hiyo tumeimba naye, na hakuna aliyemuuliza. Wimbo tumebaki nao, lakini ushuhuda tuliuzika.

1. Wimbo ni shahidi
Musa alipokaribia kufa, Mungu alimwagiza aandike wimbo na kuwafundisha Waisraeli. Kwa nini wimbo? Kwa sababu watu husahau. Shida zikiwapata, wimbo ungekuwa bado vinywani mwa watoto wao, ukiwakumbusha Mungu waliyemwacha.

2. Nyuma ya wimbo kuna mtu
Huo wimbo wa mzee wetu uliandikwa na Joseph Scriven, mzaliwa wa Ireland. Mchumba wake alikufa maji kabla tu ya harusi yao. Scriven akahamia Kanada. Mwaka 1855, mama yake akiwa mgonjwa huko Ireland, alimwandikia maneno hayo ili kumfariji. Hakuyaandika apate jina. Aliyaandika kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Leo tunayaimba Ukambani, kwenye matanga na kwenye maombi. Ukijua hayo, huwezi kuuimba huku ukiangalia saa.

3. Wimbo wako pia una ushuhuda
Katika ushirika mmoja wa nyumbani, kuna mama mzee ambaye kila wiki huanzisha wimbo uleule. Vijana walikuwa wakiguna, "Haya, tena huo!" Siku moja kiongozi akamwuliza, "Mama, huo wimbo ulikupata wapi?"

Akasema ni mwaka 1984, ile njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani unakufa na pesa umeshika mkononi. Alitembea mpaka sokoni na pesa zake, akakosa unga. Akarudi mikono mitupu, mtoto mgonjwa mgongoni. Hakuwa na nguvu za kuomba, kwa hiyo aliimba tu njia nzima. Mtoto alifariki juma hilohilo. "Mungu hakunipa nilichotaka," akasema, "lakini hakuniacha njiani."

Nyumba ikanyamaza. Kijana mmoja aliyekuwa akiguna ndiye aliyeanzisha wimbo huo tena, na wote wakasimama.

Wapendwa, si kila ushuhuda unaishia na muujiza tuliouomba. Paulo na Sila waliimba miguu yao ikiwa bado imefungwa kwa mkatale, na wafungwa wengine walikuwa wakisikiliza. Nyumbani kwako kuna nani anayesikiliza?

Tusidharau nyimbo mpya; Zaburi yenyewe inatuambia tumwimbie Bwana wimbo mpya. Wimbo wa kijana wa leo nao una safari yake. Wazee, waulizeni vijana. Vijana, waulizeni wazee kabla hawajalala.

Ya kufanya juma hili
Katika ushirika wa nyumbani, kila mmoja ataje wimbo mmoja na aeleze kwa dakika tatu ulimkuta wapi. Usijitukuze, usiongeze chumvi, na usitoe siri ya mtu mwingine. Kisha uimbeni pamoja.

Maswali
1. Ni wimbo gani uliokushika ulipokosa maneno ya kuomba?
2. Je, watoto wako wanaujua? Wanajua ni kwa nini?

Ombi: Bwana, asante kwa nyimbo ulizotupa usiku. Tupe ujasiri wa kusimulia, na masikio ya kusikiliza. Katika jina la Yesu, Amina.