Ramani Iliyopimwa kwa Miguu

Watu wengi hudhani ya kuwa ramani haiwezi kufanywa ila kwa minyororo na vyombo vikubwa. Basi na tusikie habari za Nain Singh, mwalimu wa shule aliyetoka kijiji cha Milam, katika milima ya Kumaon, Bara Hindi.

Kaskazini ya milima ya Himalaya iko nchi ya Tibet. Sehemu yake kubwa ni jangwa la juu, lenye baridi na upepo mkali, na mahali pengi hupita futi 14,000 juu ya bahari. Zamani zile Wazungu hawakuruhusiwa kuingia, na katika ramani zao nchi hiyo ilikuwa karibu tupu. Kwa hiyo Kapteni Montgomerie, wa idara ya upimaji wa Bara Hindi, alimtuma Nain Singh aipime kwa siri.

Kwanza alizoezwa kwenda kwa hatua zilizo sawa, akipanda au akishuka, hatua 2,000 kwa maili moja. Tasbihi ya Kibuddha huwa na punje 108; yake ilikuwa na 100. Kila hatua 100 aliachia punje moja. Tasbihi ikiisha, amekwenda hatua 10,000, yaani maili 5. Hesabu zake alizificha ndani ya kigurudumu ambacho Wabuddha hukizungusha wakisali.

Ili kujua urefu wa mahali, alichemsha maji akatia kipimo cha joto. Pwani maji huchemka kwa digrii 212 za Fahrenheit. Nawe ukipanda futi 500 hivi, hupungua yapata digrii moja.

Alifika Lhasa, mji mkuu, Januari 1866, maisha yake yakiwa hatarini. Aliporudi alikuwa amepima njia ya maili 1,200. Mwaka 1874 alilivuka jangwa lenyewe, toka Leh hata Lhasa, na mwaka 1877 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya dhahabu.

Wasomaji, kazi hiyo ilitaka uaminifu kuliko nguvu. Hapakuwa na mtu wa kumsahihisha njiani. Kama angalichoka akakisia maili chache tu, mito na miji yote ya mbele ingalichorwa si mahali pake.

Walimu na wajaribu pamoja na wanafunzi. Pimeni yadi 100 kwa kamba, mkahesabu hatua zenu; kisha pimeni njia toka shuleni hata barazani, kwenda na kurudi. Hesabu mbili zikipatana, mmeanza kuwa wapima nchi.