Ufasaha si Ushahidi

Wengi wetu siku hizi huiuliza mashine habari za dawa, mirathi na sheria, nayo huwajibu kwa lugha fasaha. Yatupasa tujue ufasaha huo watoka wapi. Mashine hizi hufunzwa kwa maandishi mengi mno, zikazoea kukisia neno lipi lifuate neno lipi. Muundo wa nyingi katika hizo ulitolewa mwaka 2017 na watafiti wa Google. Basi kweli na uongo zaweza kuzitamka kwa sauti moja.

Mwaka 2023, huko New York, mawakili walipeleka kortini hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, ambazo hapana hakimu aliyepata kuzitoa. Walitozwa faini ya dola 5,000.

Kwa hiyo watafiti wengi hushughulikia njia iliyoelezwa mwaka 2020: mashine itafute kwanza katika hati, ndipo ijibu na kuonyesha ilikotoa. Njia hii hupunguza makosa, haiyaondoi. Kwani mashine yaweza kutaja kitabu cha kweli na kukisingizia lisilokuwamo.

Tusiikimbie elimu hii, wala tusiifanye kadhi wetu. Ajibiwaye na aulize, “Umeyatoa wapi haya?” Kisha akifungue kitabu mwenyewe.