MGONJWA WA AKILI NI MTU WA NYUMBANI

Ziko nyumba za Wakristo zenye chumba cha nyuma ambacho mgeni haonyeshwi. Humo hukaa kijana, au mama, au mzee, aliyepatwa na ugonjwa mzito wa akili. Hupewa chakula, huvikwa nguo, na siku akiwa kimya jamaa husema, "Hajambo sasa." Lakini hasalimiwi, hatumwi kazi, wala haulizwi shauri lo lote. Basi, wasomaji wapenzi, yatupasa tujiulize: Je, kutulia kwake ndiko kuishi?

Mwinjili Marko, katika sura ya 5, atusimulia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Watu walijaribu kumfunga kwa minyororo. Dawa nyingine hawakuwa nayo. Bwana wetu alipomponya, walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Naye alipoomba kufuatana na Yesu, Bwana alimrudisha kwao, awaeleze jamaa zake mema aliyotendewa. Hivyo hakupata utulivu tu: alirudishiwa heshima, jamaa na kazi.

Lakini asiseme mtu kwamba kila mwenye wazimu ana pepo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1673, yafundisha kwamba magonjwa ya akili ni kazi ya matibabu, na kwamba kabla ya kumpunga mtu pepo ni lazima kuhakikisha kuwa haumwi ugonjwa. Anayemzuia mgonjwa asiende hospitali kwa jina la sala halifuati Kanisa.

Tutazame mfano mmoja. Katika nchi ya Ubelgiji uko mji uitwao Geel, wenye kanisa la Mtakatifu Dymphna, bikira na mfiadini, mwombezi wa wagonjwa wa akili. Tangu Karne za Kati mahujaji walileta wagonjwa wao huko. Nafasi ya kanisani ilipojaa, wenyeji waliwapokea katika nyumba zao, na wengine wakakaa humo hata kufa. Mwaka 1938 wagonjwa waliokaa na jamaa za mji huo walizidi 3,700. Siku hizi ni wachache sana kuliko hapo, lakini desturi haijafa, na mwaka 2023 UNESCO iliitia katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa watu.

Jamaa hao si madaktari, wala hawaambiwi wamponye mtu. Humpa mgeni wao chumba, mahali mezani, na kazi anayoiweza. Nyuma yao ipo hospitali yenye madaktari na wauguzi, nao hupata malipo kidogo ya kuwasaidia. Tena jirani wote wamjua mgonjwa, na akipotea njiani humrudisha. Hapo ndipo ilipo siri ya Geel: mzigo haukuachiwa nyumba moja.

Kwetu je, twaweza kujifunza nini?

Kwanza, matibabu yasikatizwe. Tangu mwaka 1952, ilipoanza kutumika dawa ya klopromazini, wengi waliosumbuliwa na sauti zisizosikiwa na wengine wamepata nafuu. Dawa hizi zaweza kuleta usingizi, kutetemeka au unene. Daktari aambiwe, azibadili au azipunguze. Kuziacha ghafula ni kuualika ugonjwa urudi. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imewapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, lakini jamaa waanzie hospitali iliyo karibu nao.

Pili, mwili wake usisahauliwe. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wenye magonjwa mazito ya akili hufa mapema kuliko wengine, kwa miaka 10 hata 20, mara nyingi kwa magonjwa ya mwili yanayoweza kuzuiwa. Akisema kifua chamwuma, tusijibu, "Ndio wazimu wake huo." Apelekwe akapimwe.

Tatu, arudishiwe heshima. Akiwa mkubwa, watoto wamwamkie "Shikamoo" kama wakubwa wengine. Apewe jembe, au kuku wa kulisha. Aulizwe apendavyo: anataka kulala wapi, kula nini, kwenda kumwona nani. Naye apelekwe kanisani, asifichwe siku ya sikukuu.

Hatusemi haya ili kuwahukumu wazazi. Twajua mama asiyelala usiku kwa kumlinda mwanawe, na baba aliyeuza ng'ombe wake wote kwa kutafuta uponyaji. Pengine walimfunga mtoto kwa kamba kwa sababu walibaki peke yao, jirani wamewakimbia. Dhambi ya kamba hiyo si yao tu. Ni yetu pia tuliopita njia nyingine.

Kwa hiyo kila jumuiya ndogo ndogo ijiulize wiki hii: Nani kwetu anaumwa akili, na nani amtunza? Sala ya jumuiya ifanyike nyumbani kwake, naye mwenyewe akiwapo kati yenu. Mmoja amsindikize hospitali siku ya dawa. Mwingine akae naye siku nzima, mama yake apate kupumzika. Na kabla ya kuondoka, mmwage mgonjwa kwa jina lake.