Kufundisha Utambuzi wa Uyoga

Mvua za kwanza zinyeshapo katika Bukene na sehemu nyingine za Wilaya ya Nzega, uyoga huchipua nyasini, kwenye vichuguu na chini ya miyombo. Mara nyingi watoto ndio wauonao kwanza, kwani wao ndio wachungao mifugo na waokotao kuni. Mboga hii hainunuliwi, lakini kosa moja katika kuitambua laweza kuangamiza jamaa nzima. Katika makala haya tunaeleza namna ya kulifundisha somo hili katika Darasa la V.

Shabaha

Mwanafunzi aweze kutaja sehemu za uyoga, kulinganisha aina mbili, na kueleza kwa nini dalili moja haitoshi. Si shabaha yetu kwamba mtoto aamue peke yake uyoga upi unaliwa.

Zana

Jembe dogo, kikapu, bakuli, karatasi nyeupe na nyeusi.

Hatua za somo

1. Kabla ya kutoka nje, mwalimu awaulize wanafunzi yasemwayo nyumbani kuhusu uyoga, ayaandike ubaoni. Yamkini yatatajwa haya mawili: kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, na kwamba sumu huisha kwa kupika. Yote mawili si kweli. Konokono huweza kula uyoga uuao watu. Na sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides haiondolewi na moto wa jikoni.

2. Nje, uyoga uchimbuliwe wote, usikatwe juu. Uyoga wa vichuguuni, ambao wataalamu huuita Termitomyces, una shina liendelealo chini kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa. Mchwa huilima kuvu hiyo juu ya mabaki ya mimea, nao huila. Anayeukata uyoga juu ya ardhi huiacha dalili hiyo udongoni.

3. Darasani, kofia ilazwe, upande wa chini ukigusa karatasi, nusu juu ya nyeupe na nusu juu ya nyeusi, ifunikwe kwa bakuli hadi kesho yake. Spora zitaanguka na kuonyesha rangi yake. Za Termitomyces ni za waridi. Za Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia uotao nyasini, ni za kijani. Huu wa pili hutapisha na kuharisha vikali. Nao ukiwa mchanga huwa mweupe hata chini ya kofia, hivyo hudanganya macho.

4. Wanafunzi wachore na kujaza jedwali: mahali ulipoota, kofia, shina, pete, kifuko cha chini, rangi ya spora.

Mwalimu asiwape kanuni ya mkato. Akisema, "Wenye kifuko chini una sumu," watoto watamsahihisha, maana katika miyombo ya Tanzania zipo aina za Amanita zenye kifuko nazo huliwa. Ndiyo sababu tunashauri amwalike mama au mzee wa kijiji ajuaye uyoga. Härkönen, Niemelä na Mwasumbi, waliotoa kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, nao walijifunza mengi kwa wanavijiji.

Tahadhari

Uyoga wa somo usiliwe wala usionjwe. Baada ya somo ufukiwe, na mikono ioshwe. Wanafunzi wajue pia kwamba sumu ya Amanita phalloides huanza kuonekana baada ya saa 6 au zaidi. Mgonjwa aweza kupata nafuu kisha ini likaharibika. Kwa hiyo apelekwe zahanati mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga alioula.

Zoezi kwa mwanachuo

Andaa andalio la somo hili la vipindi viwili. Eleza utamjibu nini mtoto aulizaye, "Mwalimu, huu unaliwa?" Jibu lililo jema ni kumrudisha kwenye jedwali lake, kisha kwa mzee ajuaye; na wasipoafikiana, uyoga huo uachwe.